UZI: Scotland Desemba mpaka Januari. Vyakula, vinywaji na mila za msimu wa giza

Mnyalukolo wa Clyde

Wakuu salaam.

Kila mwaka ukielekea ukingoni, wanaokuja Scotland kusoma au kufanya kazi hospitalini hunifuata PM na swali moja: ninunue koti gani? Koti utalipata tu, maduka yamejaa. Kinachowatesa watu huku ni giza, na hakuna anayeniuliza atafanya nini nalo. Desemba 21 hapa Glasgow jua linachomoza kama saa 3 kasoro robo asubuhi, saa 10 kasoro alasiri limeshazama. Lerwick, kule visiwa vya Shetland, mchana mzima haufiki saa 6. Unaingia kazini giza, unatoka kazini giza, na mvua inapiga kwa ubavuni, mwavuli hausaidii kitu.

Wenyeji wameishi na giza hili karne kwa karne na wameliwekea ratiba. Kuanzia Novemba 30, siku ya Mtakatifu Andrea, mpaka Jumanne ya mwisho ya Januari, hazipiti siku nyingi bila kitu cha kula, cha kunywa au cha kuchoma moto. Msimamo wangu ni huu: ifuate hiyo ratiba kama ilivyo, hata kama mwanzoni unaona ni vituko. Ukijifungia ndani na hita na simu, Februari itakukuta huna hamu na lolote.

Nianze na Krismasi, nimalizane nayo. Ipo, taa zipo, bata mzinga yupo, ila moyo wa msimu hauko pale. Baada ya Matengenezo ya Kanisa, Waprotestanti wa Scotland waliiona Krismasi ni masalia ya Kikatoliki ambayo Biblia haikuyaagiza. Mwaka 1640 Bunge la Scotland likafuta mapumziko ya Yule, yaani Krismasi yenyewe. Sheria ile ilikuja kuondolewa baadaye, lakini mazoea yakabaki, na Desemba 25 haikuwa sikukuu ya umma huku mpaka 1958. Wazee watakwambia baba zao walikwenda kiwandani siku hiyo kama siku nyingine yoyote. Furaha yote ikahamia mkesha wa mwaka mpya, wanaouita Hogmanay. Ndiyo sababu mpaka leo Januari 2 nayo ni sikukuu Scotland, wakati wenzao wa England wanarudi kazini.

Naendelea chini, mkono umechoka.

Limuru Baridi

Hii ya Krismasi imenifungua macho. Mimi ni PCEA wa kuzaliwa, na kanisa letu lina mizizi kwa wamisheni wa Scotland waliofika Kikuyu 1898. Sasa naelewa mbona wale wazungu kwenye picha za zamani hakuna hata mmoja anacheka. Endelea, buda. Haggis inakuja lini?

Mnyalukolo wa Clyde

Haggis, kile chakula chao cha nyama za ndani za kondoo na oti, ni Januari 25, tulia. Kwanza Hogmanay.

Desemba 31 mchana ni siku ya kazi. Nyumba inasafishwa yote, majivu ya jana yanatolewa nje, na mwenye deni analilipa kabla ya saa 6 usiku, kwa sababu mwaka mpya haufai ukukute na uchafu wala deni. (Wa kausha damu, mmesikia.) Huko nyanda za juu za kaskazini kulikuwa na desturi ya kufukiza nyumba na zizi kwa matawi ya mreteni yaliyokauka, milango na madirisha yote yamefungwa, mpaka watu na ng'ombe wakohoe, ndipo wanafungua hewa ya mwaka mpya iingie. Kuna familia zinafanya hivyo hadi leo.

Usiku wakisema "kengele" wanamaanisha saa 6 kamili. Swali la mwezi mzima ni "kengele utakuwa wapi?" Zikishalia ndipo kinachonihusu mimi binafsi kinaanza: mtu wa kwanza kuvuka kizingiti cha nyumba baada ya saa 6 ndiye anayeiletea nyumba bahati ya mwaka mzima. Asiwe alikuwemo ndani. Awe mwanaume, mrefu, mwenye nywele nyeusi. Mwenye nywele za rangi ya dhahabu hatakiwi kabisa, na maelezo wanayopenda kutoa ni kwamba enzi za Waviking, mtu wa nywele hizo akigonga mlango wako usiku alikuwa na shoka. Na huyo mgeni haingii mikono mitupu. Anabeba kipande cha makaa ya mawe ili moto usizimike, chumvi, biskuti za siagi za shortbread au kipande cha black bun, keki nzito ya matunda makavu, ili chakula kisikauke, na chupa ya wiski.

Sasa pigeni hesabu wenyewe. Mrefu. Nywele nyeusi. Mtaa wangu una mabibi wa Kiskoti ambao kila mwisho wa Desemba wananigongea mlango kunikumbusha niwapitie, na wananipangia zamu wasigongane. Nina makaa yangu kwenye mfuko wa nailoni stoo, flati yenyewe haina hata sehemu ya kuwashia moto.

Fundi Ngosha

😂😂😂 Mkuu, unalipwa?

Mnyalukolo wa Clyde

Nalishwa. Nyumba ya kwanza supu, ya pili pai, ya tatu keki. Ikifika ya nne nabeba kwenye foili.

Bi Kizimkazi

Mwanangu, umeandika vizuri, ila kila mstari una chupa. Mtoto wangu wa kike anakuja kusoma Dundee na hanywi, wala hali kisichochinjwa. Ataingia kwenye hiyo ratiba yako kwa mlango upi?

Mama Yusra

Shikamoo Bi Kizimkazi. Nijibu mimi hili, nipo Glasgow upande wa kusini na watoto wangu wamezaliwa hapa.

Haggis ya halali ipo. Buchani za Waskoti wenye asili ya Pakistan huku kwetu zinaiuza, na Januari hukosi. Kuna mpaka haggis iliyochovywa kwenye unga wa dengu na kukaangwa kama bajia, wanaita haggis pakora. Mwanao akifika Glasgow lazima aile, tena ya moto na mchuzi wake wa pinki. Kama yuko mbali na buchani za halali, anunue haggis ya mboga: dengu, maharage, uyoga, karoti, oti na viungo. Kampuni ya Macsween ya Edinburgh ndiyo iliyoipa umaarufu tangu 1984, waliitengeneza kwa ajili ya ufunguzi wa maktaba ya ushairi kule Edinburgh. Leo ipo kila supamaketi.

Penye mtego si kwenye glasi tu, ni kwenye vitamu. Cranachan, kile kitamu cha krimu, oti na rasiberi, ina wiski ndani. Black bun mara nyingi ina wiski au brandi. Clootie dumpling haina pombe, ila mafuta yake ya asili ni ya figo za ng'ombe, kwa hiyo aulize au apike mwenyewe kwa mafuta ya mimea, yanauzwa pakiti moja kando ya nyingine. Shortbread ni siagi, sukari na unga, haina neno, asome lebo tu kwa tahadhari.

Vinywaji: nyumba nyingi za Kiskoti zilikuwa zinatengeneza "mvinyo" wa tangawizi usio na kilevi, kwa ajili ya watoto na wale wa kanisani wasiogusa pombe. Maji, sukari, tangawizi na ukali wa pilipili, unakunywa kifua kinawaka. Na Irn-Bru, soda yao ya rangi ya machungwa, ipo tangu 1901 na Waskoti wanaijadili utadhani ni timu ya mpira. Hakuna atakayemlazimisha. Akisema hanywi wanampa glasi ya tangawizi na kumjazia sahani mara mbili.

Bi Kizimkazi

Ahsante sana binti yangu, Mungu akubariki. Nimenukuu yote nimemtumia.

Mzee wa Kuonja

Kwa sisi tusiosafiri na Bi Kizimkazi 😅 mkuu Mnyalukolo, tupe darasa la wiski basi.

Mnyalukolo wa Clyde

Mzee wangu, fupi tu maana si uzi wake. Andiko la zamani linalotajwa ni la mwaka 1494, kwenye vitabu vya hazina ya mfalme, mtawa aitwaye John Cor alipewa shayiri iliyooteshwa ili akatengeneze "maji ya uhai". Kisheria, ili iitwe Scotch lazima ikae kwenye mapipa ya mwaloni ndani ya Scotland miaka isiyopungua 3, na kilevi kisishuke chini ya asilimia 40. Ile yenye harufu ya moshi ni kwa sababu shayiri yake ilikaushwa kwa moshi wa mboji ya ardhini wanayoichimba kama matofali; ukitaka kuijua uliza za kisiwa cha Islay.

Msimu huu wananywa sana ya moto: wiski, maji ya moto, asali, limau na karafuu chache. Ukiwa na mafua utaandikiwa hiyo kabla ya panadoli. Halafu kuna Atholl brose: oti zinalowekwa kwenye maji, yanachujwa yale maji meupe, yanachanganywa na asali, wiski na wengine wanaongeza krimu. Inateremka taratibu mno, halafu inakukalisha chini. Usiinywe ukiwa umesimama.

Bi Kizimkazi

Karafuu za Unguja na Pemba hizo zimefika mbali. Huko tu ndiko nitakakokuunga mkono.

Pwaguzi wa Aberdeen

Naweka kambi. Mkuu, umetaja vya kuchoma moto ila hujavigusa. Mimi nipo kaskazini mashariki, niwape.

Kama unakuja Hogmanay, usijifungie kwenye sherehe ya mtaani Edinburgh peke yake. Ni kubwa, ni ya tiketi, na hali ya hewa inaivunja inavyotaka. Mwaka 2024 upepo ulisababisha shughuli za nje zote kufutwa na watu walikuwa wameshafika kutoka mabara yote. Njooni Stonehaven, mji mdogo wa pwani kusini ya Aberdeen. Saa 6 usiku wanaume kwa wanawake wanateremka barabara ya High Street wakizungusha juu ya vichwa vyao matundu ya waya yaliyojazwa vitu vinavyowaka, yamefungwa kwenye mnyororo au kamba ya chuma. Mtu anazungusha moto mzito huku anatembea, cheche zinaruka, watoto wanapiga kelele. Mwisho wanayatupa baharini bandarini, moja baada ya jingine, na bahari inatoa moshi. Usivae koti la nailoni la bei mbaya ukasimama mbele.

Januari 11 sasa, Burghead, kijiji cha wavuvi kule Moray. Wao mwaka mpya wao bado ni wa kalenda ya zamani, ile iliyoachwa karne ya 18. Wanachukua nusu ya pipa, wanaipigilia kwenye mti, wanaijaza lami na vipande vya mbao, wanaiwasha na kuibeba mabegani kuzunguka kijiji. Wabebaji wanapokezana kwa sababu ile lami inadondoka ikiwaka. Mwisho inapandishwa kilimani, inaachwa iungue, na watu wanagombea vipande vya makaa yake kuweka nyumbani kwa bahati.

Mlokole Asiyeyumba

Samahanini, haya yote ni mambo ya kipagani. Moto, makaa ya bahati, kufukiza. Watoto wetu wanakwenda kusoma au kwenda kutambika?

Pwaguzi wa Aberdeen

Mtumishi, wachungaji wa kanisa la Scotland wa karne ya 17 na 18 walikuwa na hoja yako hiyo hiyo. Waliikemea sana hii ya Burghead na waliwatoza watu faini. Moto bado unazunguka. Anayetaka kutazama atatazama, anayeona inamgusa imani yake abaki nyumbani na supu. Mimi binafsi sijaona mtu akiliabudu lile pipa, nimeona watu wakiogopa kuungua.

Mlokole Asiyeyumba

Sawa, nimekuelewa. Supu gani hiyo?

Mnyalukolo wa Clyde

😂 Mtumishi umeulizia penyewe. Huku msimu wa giza unaishi kwa supu.

Cullen skink ndiyo mfalme, imetoka mji wa Cullen pwani ya kaskazini mashariki. Tafuta samaki wa hadoki aliyekaushwa kwa moshi, yule wa rangi ya asili. Yule wa njano kali ametiwa rangi, mwache. Mchemshe taratibu kwenye maziwa dakika chache, mtoe, mchambue miba kwa vidole. Kwenye sufuria nyingine kaanga kitunguu kwa siagi mpaka kilainike bila kubadilika rangi, weka viazi ulivyokata vidogo, mimina maji kidogo, viive. Ponda nusu ya viazi humo humo, rudisha maziwa yenye ladha ya moshi, rudisha samaki, pilipili manga, basi. Usiweke karoti. Usiweke binzari. Najua mkono utakuwasha, jizuie mara ya kwanza, ya pili fanya utakavyo.

Cock-a-leekie ni kuku na vitunguu majani vile vinene, na wa kizamani wanatia plamu zilizokaushwa. Utashangaa ule utamu unavyokaa na kuku. Supu nzito ya shayiri na nyama ya kondoo nayo ipo, hiyo ukila mchana hutaki chakula cha usiku.

Januari 1 yenyewe chakula cha familia nyingi ni pai ya nyama ya ng'ombe. Hawapiki, wanaagiza buchani, pai kubwa ya sahani nzima, na Desemba 31 asubuhi foleni ya buchani inakunja kona. Jina lako liwe kwenye daftari la bucha kabla ya Krismasi, ukichelewa utakula tambi. Viazi vilivyopondwa pembeni, karoti, mchuzi. Baada ya usiku wa kengele hakuna kinachoufaa mwili zaidi ya hicho, na sitaki ubishi hapa.

Kibonge wa Ubungo

Nimesoma huku nakula ugali mkavu, mnatukosea. Hiyo clootie dumpling ndiyo nini?

Mama Yusra

Keki inayochemshwa ndani ya kitambaa. Unga, mafuta, sukari au asali nyeusi, zabibu kavu za kutosha, mdalasini, tangawizi, maziwa. Unachovya kitambaa kwenye maji ya moto, unakikamua, unakinyunyizia unga, unaweka donge lako katikati, unafunga kwa kamba ukiacha nafasi ya kuumuka. Unachemsha kama saa 3 na nusu juu ya sahani iliyogeuzwa chini ya sufuria ili isigande, ukiongeza maji ya moto yakipungua. Ule unga wa kwenye kitambaa ndio unaotengeneza ngozi nje, nyeusi yenye kung'aa. Ukiifungua iache karibu na moto au kwenye oveni ya moto mdogo ikauke ngozi. Zamani walitumbukiza sarafu ndani kwa watoto. Kesho yake kinachobaki kinakatwa vipande na kukaangwa na mayai kifungua kinywa. Watoto wangu wanapenda ya kesho yake kuliko ya siku yenyewe.

Limuru Baridi

Haggis. Nimengoja uzi mzima.

Mnyalukolo wa Clyde

Haya, Limuru, vuta kiti.

Robert Burns alizaliwa Januari 25, 1759, kijiji cha Alloway, Ayrshire, mtoto wa mkulima mpangaji, akafa 1796 akiwa na miaka 37. Alitunga kwa Kiskoti cha watu wa kwao, siyo Kiingereza cha mabwana tu. Mwaka 1801 rafiki zake walikusanyika kwenye kile kibanda alichozaliwa kumkumbuka, wakala haggis, wakasoma shairi lake la kuisifu haggis. Ile ilikuwa Julai, mwezi aliofia. Baadaye ikahamia siku ya kuzaliwa, na hapo ikaangukia katikati ya giza ambapo watu walikuwa na njaa ya sherehe. Leo inafanyika popote penye Waskoti, Nairobi ikiwemo.

Chakula chenyewe: moyo, ini na mapafu ya kondoo vinachemshwa na kusagwa, vinachanganywa na oti zilizoparazwa, vitunguu, mafuta ya figo, chumvi na pilipili manga isiyo haba, kisha vinajazwa kwenye tumbo la kondoo. Siku hizi nyingi zina ngozi ya kutengenezwa badala ya tumbo. Marekani haggis yenye mapafu haiingii tangu 1971 kwa sababu sheria yao hairuhusu mapafu kwenye chakula. Inaliwa na viazi vilivyopondwa na tanipu ya njano iliyopondwa pia, kila kimoja kundi lake kwenye sahani. Ya dukani imeshaiva, wewe unaipasha tu: ifunge kwenye foili, maji yawe yanafukuta tu. Yakichemka kwa fujo inapasuka na unabaki na uji.

Lakini mpangilio wa meza ndio unaonipeleka kila mwaka. Wageni wanasimama, mpiga zumari wa bagpipes anaingia, nyuma yake mpishi na haggis kwenye sinia, nyuma yake aliyebeba wiski. Wanazunguka ukumbi, sinia linatua mezani, na mtu mmoja anaghani lile shairi lote mbele ya haggis, akiiita chifu wa ukoo wa mapudingi. Akifika ubeti wa kisu, anachomoa kisu na kuipasua mvuke utoke. Humo ndani Burns anawacheka wanaokula mapochopocho ya Kifaransa kwamba wana miguu ya unyasi mkavu, na anasema mla haggis akikanyaga ardhi inatetemeka. Sijaona pengine chakula cha maskini kikisimamiwa na ukumbi mzima, wanasheria na madaktari wakiwemo.

Baada ya kula kuna hotuba ya kumkumbuka Burns, na ikitolewa na mtu makini inagusa mpaka ulevi wake na wanawake aliowaacha na watoto. Halafu mwanaume mmoja anatoa hotuba ya utani kuhusu wanawake, na mwanamke anasimama kumjibu. Ukipewa hiyo ya kuhusu wanawake usilete utani wa kijiweni. Anayejibu anajibu wa pili, na ameshakusikia.

Limuru Baridi

Kwa hivyo ni mutura iliyoenda shule na kusindikizwa na bendi. Nimeelewa. Ukinipa na kachumbari nakula.

Bi Kizimkazi

Chakula kinaghaniwa! Hapo wamenikuna. Sisi tunaghania harusi na bahari, biriani hatujaliandikia hata beti nne zikasomwa mbele yake.

Mzee wa Kuonja

Bi Kizimkazi, anza wewe, wa pwani ndio wenye fani.

Dokta wa Visiwani

Nimechelewa uzi, nipo zamu. Natumia mtandao wa hospitali huku Lerwick, Shetland. Mnyalukolo umetaja Jumanne ya mwisho ya Januari ukapita tu!

Hiyo ni Up Helly Aa. Kwa miezi watu wanajenga jahazi la Kiviking la mbao, kichwa cha joka na yote, kwa siri kwenye banda lao. Usiku wa siku yenyewe taa za barabarani zinazimwa na mienge karibu 1,000 inawashwa kwa pamoja. Wanaliburuta jahazi mjini, kiongozi wa mwaka akiwa amesimama ndani na kofia yake ya chuma, wanalizunguka, yeye anashuka, kisha mienge yote inarushwa ndani. Jahazi la kazi ya miezi linaungua mbele ya macho ya waliolijenga, wanaimba. Wanawake kwenye vikosi vya mienge vya mjini Lerwick wameruhusiwa kuanzia 2023 tu, na ubishi wake ulikuwa mkubwa huku.

Halafu usiku ndio unaanza. Kumbi zinafunguliwa mjini kote, vikosi vinazunguka kila ukumbi kuigiza na kucheza mpaka asubuhi. Na katika kila ukumbi kuna sufuria la supu ya reestit mutton: nyama ya kondoo iliyolowekwa kwenye maji ya chumvi kisha ikaning'inizwa darini juu ya moto wa mboji mpaka ikakauka ngumu kabisa. Inachemshwa na viazi, karoti na tanipu, inaliwa na mikate minene ya bannock. Ni chumvi hasa, viazi ndivyo vinaikomesha. Saa 10 alfajiri, umecheza, nje upepo unatoka Aktiki, unapewa bakuli. Kesho yake mji mzima umefungwa, ni mapumziko, na tumeshapanga zamu za wagonjwa kwa kulijua hilo.

Fundi Ngosha

Kuchoma jahazi zima zuri! Ukerewe wangekupiga.

Mwanafunzi Mtarajiwa

Wakuu nashukuru sana, naingia Edinburgh mwezi wa kwanza tarehe mosi asubuhi, tiketi ilikuwa rahisi siku hiyo. Nitapata wapi chakula na usafiri?

Mnyalukolo wa Clyde

Ndiyo maana ilikuwa rahisi 😅 Januari 1 maduka mengi yamefungwa, mabasi ni machache, na Januari 2 nusu ya mji bado imelala. Beba chakula cha siku mbili kwenye begi. Kama una mwenyeji, mwambie akuwekee pai. Na kama mchana una nguvu, kuna watu wanavaa mavazi ya kuchekesha na kujitosa baharini South Queensferry chini ya daraja la reli la Forth, desturi iliyoanza miaka ya 1980. Katazame. Kujitosa ni hiari.

Ukialikwa mahali Januari na mkamaliza kwa wimbo wa Burns wa kuagana, mnashikana mikono kawaida tu kwenye duara. Mikono inapishanishwa kifuani kwenye ubeti wa mwisho, siyo tangu mwanzo. Wageni wengi wanakosea hapo na mabibi wanaona.

Kibonge wa Ubungo

Mama Yusra, nimepata zabibu na mdalasini. Kitambaa hakuna, kuna kipande cha kitenge kipya. Kinafaa?

Mama Yusra

Usithubutu, utakula rangi. Tafuta pamba nyeupe isiyo na nakshi, hata foronya ya zamani iliyofuliwa vizuri bila sabuni ya harufu.

Kibonge wa Ubungo

Foronya ipo. Naweka sufuria.